Walipuliza Kuta Zote, Kasha Hawakulifungua

Naandika nikiwa bado na hasira, wala sitaificha. Kampuni tuliyoiita kutoka Mombasa ije kutuondolea nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo, nyumbani kwetu Mkomani, hapa Lamu, ilichukua Sh8,500 zetu kabla ya kufungua hata chupa moja, ikapuliza dawa kuta zote hadi kwenye boriti za dari, ikavuka kurudi Mokowe, ng'ambo ya bara, kabla ya alasiri, na kasha lenyewe lenye nondo ikaliacha kama lilivyokuwa. Nilikusudia kuandika mstari mmoja tu wa kuwaonya watu wasiwaite. Baadaye nikakumbuka kwamba mmoja wao alitutendea wema, na kwamba mtu hahukumiwi kwa kosa la mwenzake, ndipo nikaona sina budi kueleza yote.

Kilichokuwa kikiliwa ni joho la babu. Ni joho la sufu nyeusi lenye ukosi wa zari. Babu aliolea hilo, baba naye akalivaa siku ya harusi yake, na kaka zangu wawili vivyo hivyo. Kila ulipokaribia Mfungo Sita lilikuwa likitolewa kashani, likaanikwa, likapigwa burashi na kufukizwa udi, liwe tayari kwa Maulidi. Miaka miwili au mitatu hii mama amekuwa akisumbuliwa na magoti, na sisi tulio wazima tukazembea. Yeye ndiye aliyewaona nondo mwanzo. Walikuwa wadogo, hawazidi punje ya mchele, wenye rangi ya dhahabu iliyofifia, na cha ajabu ni kwamba hawakuifuata taa. Wadudu wa usiku tuliowazoea huiparamia taa. Hawa ikiwashwa hukimbilia gizani, wakajibanza kwenye mikunjo ya pazia. Tulipofungua kasha tulikuta pindo la joho limetandwa nyuzi nyeupe kama za buibui, na ndani ya mikunjo mmejaa chembe nyeusi ndogo mno. Nilidhani ni mbegu za mrehani, kwa kuwa mama huweka mrehani mkavu kashani. Kumbe kilikuwa kinyesi cha viwavi, na weusi wake umetokana na rangi ya sufu wanayoila.

Basi wakaja watu wawili, msimamizi na kijana msaidizi. Msimamizi hakupiga hodi. Aliipita daka, akaingia na viatu vyake hadi chumba cha ndani, ambako mdogo wangu alikuwa bado katika arubaini na mtoto wake wa siku kumi na nane. Mama alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hapo pana mzazi. Ngoja kidogo nje tumtoe." Akamjibu mwanamke aliyevuka miaka sabini, ambaye hata shikamoo hakumpa, "Mama, leo niko na kazi nne. Siwezi kungoja." Nilinyamaza, na kunyamaza huko kunanichoma hadi sasa.

Nilimwonyesha joho ili ajue tatizo liko wapi. Alilishika kwa vidole viwili vya glavu, akalikung'uta mara mbili, tatu, pale pale juu ya zulia, akasema, "Hii kitu tupeni. Chomeni. Nguo za zamani ndizo zinawaletea wadudu." Kisha akaliachia likaanguka sakafuni, akalivuka na bomba lake mgongoni akaenda kupuliza ukuta. Mama hakusema neno. Alijikokota, akaliokota, akaketi kitandani akalikunja kama linavyokunjwa siku zote, mikono ndani na ukosi juu, akawa analipapasa zari kwa kidole gumba. Sijapata kumwona mama akidhalilishwa ndani ya nyumba yake isipokuwa siku hiyo.

Tuweke adabu kando kwanza, maana huenda akatokea mtu wa kuniambia kwamba nilimwajiri fundi, sikumwajiri shekhe. Hata kazi yenyewe hakuijua, au aliijua akaona nyumba yetu haistahili kufanyiwa. Nondo anayeruka hali kitu. Hana hata kinywa cha kulia. Kazi yake ni kutafuta mwenza na kutaga, na jike mmoja hutaga mayai kama 40 au 50, akiyabandika kwenye nyuzi za nguo. Anayekula ni kiwavi, naye hukaa gizani pasipoguswa, akila sufu, manyoya, nywele na hariri. Kanzu za pamba na mabuibui ya siku hizi huyapita, ila yakiwa na jasho au doa la chakula. Swali la kwanza la mtu anayejua kazi lingekuwa, "Mna nini cha sufu humu ndani?" Hilo halikuulizwa. Badala yake aliona ukutani vile vifuko bapa vya kijivu, mfano wa mbegu ya boga, ambavyo kila nyumba ya pwani inavyo, akavielekezea bomba akisema, "Nondo wenu ndio hawa." Mdudu wa vifuko hivyo ni jamaa yao, ni kweli, kiwavi anayetembea na nyumba yake mgongoni, lakini chakula chake kikubwa ni utando wa zamani wa buibui. Kashani hatukuona hata kifuko kimoja cha namna hiyo.

Kabla ya kuondoka aliweka visahani vinne vya vidonge vyeupe vya naftalini wazi chumbani, kimoja chini ya kitanda cha mzazi. Naftalini humdhuru nondo ikifungiwa na nguo ndani ya chombo kisichopitisha hewa, mvuke ukajaa humo. Ikiachwa wazi, wanaoivuta ni watu. Tena kwetu pwani wapo watoto wengi wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na mtoto wa namna hiyo akivuta mvuke ule chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika. Mdogo wangu aliambiwa jambo hilo kliniki alipojifungua mtoto wa kwanza. Tulivitoa visahani dakika ile ile walipofika mlangoni.

Sasa niseme la haki. Kwa muda wa wiki moja na ushei hatukuona nondo hata mmoja akiruka. Dawa yao ilikuwa ya jamii ya pareto, chupa ilikuwa na kibandiko chenye namba ya usajili, na haikuacha harufu ya kuumiza kichwa. Nilifika mahali pa kuamini kwamba nimewaonea, kwamba nilikasirikia ulimi wa mtu nikasahau mkono wake. Nilimwambia mama nitaandika kuwasifu kidogo.

Na yule kijana nitamsifu kweli. Mwenzake alipotangulia kwenda kutafuta punda wa kubebea mitungi, yeye alivua viatu, akaja akachutama mbele ya mama. "Shikamoo bibi. Tuwie radhi. Hilo joho msilitupe, linapona." Akatueleza kwa haraka, akitazama mlango: lifungwe kwenye plastiki isiyopitisha hewa, liwekwe kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na likitolewa lisifunguliwe mpaka kesho yake, ili umande ushike plastiki usishike nguo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo tulitumia plastiki ya godoro jipya la mzazi na gundi ya karatasi. Ami yetu ana friza ya samaki Langoni, yenye jenereta, na alikubali kulitengea joho kona yake chini ya nguru. Siku ya kulifungua tulilipeleka juani tukalipiga burashi kila mshono. Viwavi kumi na saba walidondoka, weupe, wamekakamaa. Kasha tulilipangusa, tukachokoa nyufa zake kwa kijiti, tukalianika siku tatu. Joho limekatwa vidole vinne vya pindo na fundi, lakini lipo.

Ningeishia hapo na hukumu yangu ingekuwa ya kati na kati. Lakini mwezi mmoja hivi baada ya kazi yao, mdogo wangu aliinua pembe ya zulia akakuta nyuzi nyeupe na viwavi upande wa chini. Zulia ni la sufu, lilikuwa zima, na mahali penyewe ni pale pale alipokung'utia joho yule msimamizi. Upande wa pili hapana hata kitundu. Yaani aliwatoa nondo kashani kwa mkono wake akawapandikiza zuliani mwetu, akapuliza dawa ukutani, akaondoka na fedha.

Nilipiga simu. Alipokea yeye mwenyewe. Alisema dhamana yao inahusu nyumba, haihusu nguo wala mazulia, na kwamba yuko tayari kurudi bila malipo ya kazi nikilipa nauli ya watu wawili kutoka Mombasa kuja na kurudi. Nilimuuliza kama anaweza kumtuma yule kijana peke yake. Akasema kijana hayupo tena kazini. Nilitaka kuuliza sababu, simu ikakatika, na tangu hapo hawapokei.

Kwa hiyo nayafuta yale niliyosema ya haki kuhusu kampuni. Msiwaite. Kama kuna anayemfahamu kijana mrefu, mwembamba, mwenye kovu juu ya nyusi, aliyekuwa akifanya kazi ya kupuliza dawa Mombasa, amwambie kuna kazi Mkomani na tutamlipa yeye. Zulia haliingii frizani. Tumelifunga plastiki nyeusi na kulipandisha kwenye paa, tukalitandaza juani kutwa, na jioni mama huuliza kama limeshashuka.