Kiti cha gari hakipozi tena: ununue nini kwanza, nini mwisho

Kiti cha ubaridi kikigoma, wengi hukimbilia kuulizia moduli mpya, yaani kifaa kizima cha kupozea kilichomo ndani ya kiti. Nakuomba, kabla hujatoa hela, uingize kiganja chako chini ya kiti.

Viti hivi havina gesi wala kompresa. Ndani kuna kibamba cha Peltier, ambacho umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Feni husukuma hewa pande zote mbili: ya baridi hupanda kwenye sponji, ya moto hutupwa chini. Kanuni yenyewe ni ya zamani, Mfaransa Jean Peltier aliigundua mwaka 1834. Ila kuna viti vingine vyenye feni tupu, bila kibamba, na hivyo huvuma hewa ileile iliyomo garini. Hakikisha chako ni kipi, maana spea zake haziingiliani.

Sasa pima. Washa injini, weka ubaridi wa mwisho, ngoja dakika tano. Ukihisi hewa ya moto inatoka chini lakini kiti hakipoi, kibamba kinafanya kazi. Ubaridi unapotelea njiani. Hewa ikitoka lakini pande zote mbili haina moto wala baridi, shuku kibamba au umeme wake. Kukiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, kisha feni, kisha waya. Waya za chini ya kiti hukatika sana kwa sababu kiti husogezwa mbele na nyuma kila siku.

Kwangu mimi, ununuzi namba moja ni kichujio kipya cha hewa ya feni na brashi laini. Nilishawahi kuagiza moduli nzima kwa ushauri wa fundi, na tulipofungua kiti tukakuta kichujio kimefunikwa na blanketi la vumbi na nywele, nene kama kipande cha jinzi. Moduli ya zamani ilikuwa nzima. Upande wa moto hubeba joto lililotolewa kwenye kiti pamoja na joto la umeme uliotumika, kwa hiyo hewa ikibanwa, joto hurudi kwenye upande wa baridi na kiti hushindwa kupoa. Ukiwa hapohapo, angalia kama bomba la hewa limechomoka kwenye sponji. Likiwa limechomoka, unalirudisha tu, hununui kitu.

Namba mbili ni moduli mpya yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Usikubali "zinafanana". Ya kukalia na ya mgongoni zinaweza kutofautiana soketi na umbo, hata kama zote ni za kiti kimoja. Uliza pia kama feni inauzwa peke yake. Kwenye baadhi ya moduli hufunguliwa kwa skrubu chache, na hapo unabadilisha kilichokufa tu. Moduli mpya naiweka juu ya iliyotumika kwa sababu kibamba huchoka kwa kupoa na kupata moto mara nyingi, mpaka viungo vyake vya ndani vinapasuka, na ufa huo huuoni kwa macho.

Iliyotumika basi ni namba tatu, na usiinunue bila mita ya kupimia umeme mkononi. Kibamba kizima husoma omu chache tu. Kilichokatika hakisomi kitu. Iache kwanza ipate joto la kawaida, kwa sababu pande zikitofautiana joto kibamba hutoa umeme wake na kuvuruga usomaji. Tabia hiyo hiyo ni kipimo kizuri: weka mita kwenye milivolti, puliza upande mmoja kwa draya ya nywele, na mita ikipanda, kibamba kiko hai. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Tandiko la feni linalochomekwa kwenye soketi ya volti 12 ni namba nne. Halipozi hewa, linaisukuma tu, ila mgongo unaotoka jasho hupata nafuu ya kweli. Kama kiti kina mfuko wa hewa wa usalama ubavuni, usinunue tandiko linalofunika ubavu huo.

Namba ya mwisho ni kibamba kitupu, kile cha sentimita 4 kwa 4 kinachouzwa sana kwa jina TEC1-12706. Hiyo 127 ni idadi ya jozi za semikondakta, na 06 ni ampea zake za juu. Kinavutia kwa urahisi wake, lakini kukilehemu ndani ya moduli, kukipaka grisi ya joto na kukibana sawasawa ni kazi ya mtu aliyezoea. Ukikiwasha bila sinki ya joto, yaani chuma cha kutawanya joto lake, kinaungua upesi sana.

Chochote utakachochagua, kabla ya kung'oa kiti ondoa waya hasi wa betri na ungoje muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Soketi za njano chini ya kiti kwa kawaida ni za mfuko wa hewa. Hizo usizipime kwa mita. Ukisharudisha kiti, usisukumie begi wala zulia chini yake, maana hewa ya moto hutokea hapo.