Vitabu vya ndege na wanyama: kipi ununue ukiwa mtu wa Mombasa

Nikishika kitabu cha ndege, kiwe cha dukani Nyali au cha mtumba kilichotandazwa kando ya Digo Road, siangalii jalada. Jalada siku zote ni tai, au simba anayepiga miayo. Natafuta ukurasa wa kunguru. Si kwamba nampenda. Aliyewahi kulala Mombasa na dirisha wazi anazijua kelele zake za alfajiri. Namtafuta kwa sababu namjua: huyu mwembamba wa shingo ya kijivu, ambaye asili yake ni Bara Hindi, na yule wetu wa kifua cheupe aliyesukumwa pembeni. Kitabu kikiniwekea hao wawili bayana, nakaa nacho. Kikiwachanganya, nakirudisha. Mwandishi anayekosea ndege niliyemuona juu ya jaa asubuhi hii, nitamwamini vipi kwa ndege ambaye sijawahi kumuona?

Kwa hiyo mpangilio huu wa vitabu ni wa mtu wa pwani, si wa mgeni anayekwenda Maasai Mara siku tatu. Na tuelewane mapema: vyote nitakavyovitaja ni vya Kiingereza. Mimi huandika majina yetu ya Kiswahili kwa penseli pembeni mwa ukurasa, chozi, kwarara, keremkerem, hondohondo, na kitabu changu cha kwanza sasa kimechafuka kiasi kwamba hakuna atakayekiiba.

Cha kwanza, bila ubishi, ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe. Kilitoka mwaka 2002, toleo la pili likaja 2020. Kinashika nchi tano, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Toleo la kwanza lina aina 1,388 za ndege, la pili 1,448. Lakini wingi sio unaokifanya cha kwanza. Ni mpangilio: mchoro, maelezo na ramani vinatazamana, hulazimiki kufunua mbele na nyuma huku ndege anaruka.

Niliijua thamani yake Mida Creek, upande wa Watamu, mwezi wa Januari. Maji yamekupwa, mbele yetu kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu, midomo minene kama koleo la fundi. Mwenzangu kashikilia ni shakwe. Mmoja wao akachomoa kaa kwenye tope, akampigapiga, akammeza. Nikafungua kitabu: Crab-plover, yaani jina lenyewe linatangaza anachokula. Ndege huyu hutaga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, huko fukwe za Uarabuni na Somalia, kisha huja kwetu kukaa hadi msimu ugeuke. Habari zote hizo zilikuwa palepale penye picha yake, nami nikabishana na mwenzangu nikiwa nimesimama kwenye tope la magotini.

Ukilipata toleo la kwanza kwa bei ya mtumba, lichukue. Majina kadhaa yamebadilika na baadhi ya ndege wamegawanywa kuwa aina mbili, ila keremkerem mwekundu anayeshuka pwani kuanzia mwezi wa Oktoba ni yuleyule. Toleo jipya mnunulie mtu anayeweka orodha kwa makini, au kijana anayetaka kuwa kiongozi wa watalii. Kasoro yake ni uzito: mfukoni hakiingii, na kwenye mkoba wa bega utakihisi kabla hujafika feri ya Likoni.

Baada ya ndege, wanyama. Hapa nakupa The Kingdon Field Guide to African Mammals, cha mwaka 1997, toleo la pili 2015. Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha Makerere, na michoro ni ya mkono wake mwenyewe. Ukiutazama uso wa mnyama aliouchora unaona mtu aliyekaa naye. Kinabeba bara zima, kwa hiyo utalipia pia panya wa jangwani ambao hutakutana nao maishani. Vumilia. Kwangu kipimo cha kitabu hiki si tembo wala simba, ni sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, yule mdogo wa pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu huo hapo Kilifi. Kitabu kinachompa sange nafasi yake kinamjua pia palahala, yule swala mkubwa wa Shimba Hills, ambako ndiko pekee Kenya unakoweza kumuona porini, na mbega wanaovuka barabara Diani. Kipo pia kidogo cha mfukoni cha mwandishi huyohuyo. Nacho kinatosha, isipokuwa maelezo yamepunguzwa mno, na utamu wa Kingdon uko kwenye maelezo.

Sasa vitabu vya kusoma ukiwa barazani, vya watu waliosafiri au kuhamia porini wakaandika. Hapa kipimo cha kunguru hakifanyi kazi, nina kingine. Nafungua mahali penye binadamu. Mwandishi anayempa kila fisi tabia yake, halafu watu wenyeji wakawa ni “mpagazi” na “mpishi” wasio na majina, huyo simmalizi.

Anayeongoza kundi hili ni Cynthia Moss na Elephant Memories, cha mwaka 1988. Aliuanza utafiti wa tembo wa Amboseli mwaka 1972, na kitabu kinafuata miaka 13 ya ukoo mmoja. Kila ukoo ulipewa herufi, kwa hiyo hawa majina yao mengi yanaanza na T. Utadhani utachoka, hutachoka. Ukifika penye ukame utajikuta unahesabu nani kabaki, kama unavyowahesabu jamaa zako. Na ni kitabu kinachokufundisha kutazama, ambalo ni jambo adimu.

Peter Matthiessen, The Tree Where Man Was Born, cha 1972, namweka nyuma yake kidogo. Anaandika vizuri kuliko wote katika orodha hii. Safari yake inaanzia Sudan na kuishia kwa Wahadzabe wa Tanzania, na kwa watu ana macho. Ila ni kitabu cha taratibu; mtu anayetaka wanyama tu atakifunga ukurasa wa thelathini. Ukikuta chapa ya zamani yenye picha za Eliot Porter, usiulize mara mbili.

Born Free cha Joy Adamson, 1960, kipo kila kona ya mitumba. Kisa cha Elsa, mtoto wa simba aliyelelewa akarudishwa porini, bado kinamkamata mtoto wa darasa la sita jinsi kilivyokamata dunia wakati ule. Kwa kipimo changu cha binadamu kinaanguka. Mnunulie mtoto, kisha kaa naye mkizungumze.

Kuna mtego nauweka wazi kwa sababu niliuingia mwenyewe. A Guide to the Birds of East Africa cha Nicholas Drayson, 2008, si mwongozo wa ndege. Ni riwaya! Wanaume wawili Nairobi wanashindana kuhesabu ndege, mshindi apate kumwalika mwanamke mmoja dansini. Niliagiza kwa kuona jina tu, nikasubiri wiki mbili, nikakifungua nitafute ramani. Nilicheka siku ya pili, ya kwanza sikucheka. Riwaya yenyewe ni tamu.

Mtego mwingine ni umri. Kitabu cha ndege cha J. G. Williams cha mwaka 1963 kiliwalea wapenzi wengi wa ndege nchini, na bado utakiuziwa kwa sifa hizo. Lakini yule bundi mdogo wa Sokoke alielezwa na wataalamu mwaka 1966, kwa hiyo kitabu kile hakimjui kabisa. Weka kwa ukumbusho, usikitegemee msituni.

Kikubwa cha Zimmerman, Turner na Pearson, Birds of Kenya and Northern Tanzania, cha 1996, ni cha mezani. Kina ukweli mwingi kuliko vyote, na ndicho kilichonipa somo la mitumba. Nilikikuta kando ya barabara, jalada gumu, kisafi. Kijana akaanzia elfu mbili na mia tano. Nikakigeuza, nikaona mahali fulani uzi wa kushonea uko wazi na karatasi hazipo.

“Picha zake zi wapi, mwanangu?”

Akakichukua, akapekua, akanitazama usoni bila haya. “Zimeruka, mama. Si ndege?”

Nilimpa mia tatu, nusu kwa maelezo yaliyobaki na nusu kwa jibu lake. Kurasa za michoro hukatwa zikatiwa fremu, kwa hiyo hesabu namba za michoro moja hadi mwisho kabla hujataja bei. Angalia mgongo pia: kilichoshonwa kwa uzi kitakaa, kilichobandikwa gundi peke yake kitaachia kwa joto letu. Usinunue nakala za fotokopi hata zikiwa za rangi. Ndege hutambulikana kwa rangi, na mashine ikigeuza kahawia kuwa zambarau umenunua ndege wa kubuni.

Kama huna hela mwezi huu, programu ya simu iitwayo Merlin, ya chuo kikuu cha Cornell, ni ya bure, unaipakua ikiwa na ndege wa Kenya kisha unaitumia hata bila mtandao. Mimi ninayo. Lakini simu inakupa ndege uliyemuuliza tu, na kitabu kinakuonyesha pia jirani zake watatu ulioweza kuwadhania.

Ukishanunua, adui ni koga. Masika ikiingia, karatasi za kung'aa hushikana, ukizivuta kichwa cha tai kinabaki ukurasa wa pili. Zamani tulizungushia mifuko ya plastiki. Tangu ipigwe marufuku 2017 nimehamia mkebe wa biskuti, na siku za jua navitoa barazani kwa saa moja, kivulini, vikiwa wazi. Kunguru wakija kuchungulia nawafukuza kwa kanga.