Presha kuka ya umeme ndani ya miezi mitano hapa Kigoma: mkaa umepungua kweli, ila ugali msiniulize

Niliinunua mwezi wa kumi na mbili hapa hapa Mwanga, lita 6, wati 1000, elfu 135 baada ya kuvutana bei mpaka muuzaji akaanza kuninunia. Nyumbani tuko saba na maharage tunapika karibu siku moja ndiyo moja hapana, kwahiyo mkaa ndo ulikuwa unanimaliza, gunia la elfu 45 wiki tatu limekwisha na hapo bado mtu anakuja kukuomba makaa mawili ya kuwashia na huwezi kumnyima.

Mume wangu alikataa katakata. Yeye kichwani mwake kitu chochote chenye waya kinachotoa joto ni kama pasi au heta, kinakula umeme. Na simlaumu sana maana sisi tuliokulia Kigoma ya umeme wa majenereta ya dizeli tulizoea umeme ni wa taa na redio, kupika ni mkaa na kuni, basi.

Nikamwambia twende kwenye mita. Nimeweka kilo moja ya maharage ya Kasulu, yale ya njano, sijaloweka, maji, chumvi kidogo, nikafunga. Luku ilikuwa inasoma 31.6. Nikazima friji na kila kitu ili asije akasema friji ndo imekula. Dakika hamsini na tano baadae mvuke umetoka nikafungua, maharage yameiva mpaka yanapasuka, luku inasoma 31.2. Yaani pointi nne tu. Sisi huku kwetu elfu moja inatupa uniti 2.8, piga hesabu mwenyewe, ni kama shilingi 140. Sufuria ile ile ya maharage kwenye jiko la mkaa ilikuwa inakula kopo la elfu moja na wakati mwingine unaongeza. Akakaa kimya, akaomba sahani.

Siri yake ni kwamba ile wati 1000 haivuti muda wote. Inavuta mwanzo mpaka presha ijae, alafu inakata, inakaa inashtuka kidogo kidogo kushikilia joto. Ukisikiliza vizuri unasikia ka-"tik" ndani. Na kwa sababu mvuke hautoki, joto linapanda kuliko maji yanayochemka kwenye sufuria la kawaida, ndo maana kongoro lililokuwa linalala jikoni mchana kutwa sasa hivi ni saa moja na robo.

Kisamvu ndo tulipogombana, sio na mume, na mama mkwe. Nilitaka nikitupie humo kikiwa kibichi kimetwangwa tu nifunge nikalale. Mama akanishika mkono: "Mwanangu, kisamvu kinachemshwa wazi kwanza, ukikifungia humo ile sumu yake itatokea wapi?" Na ana haki, majani ya muhogo yana sumu na sehemu kubwa ya sumu hiyo huondoka kwa kutwanga na kuchemsha bila mfuniko. Kwahiyo sasa tunachemsha wazi kwenye jiko kwanza, alafu ndo kinaingia kwenye presha kulainika. Mawese na karanga naweka mwisho nikishafungua. Mara ya kwanza niliweka karanga mapema kikashika chini, mashine ikajizima yenyewe na nikasugua lile sufuria la ndani kwa kijiko cha mbao mpaka usiku, maana steelwire ukipitisha mule umeshaharibu.

Sasa mabaya yake. Ugali hausongwi humo, acheni kudanganyana, hasa huu wetu wa muhogo. Sufuria la ndani jepesi linazunguka na mwiko, na ukilishikilia kwa nguvu unakwaruza. Mgebuka nao niliujaribu mara moja dakika tano tu, nikafungua nikakuta mchuzi wa miiba. Samaki na dagaa wabaki kwenye jiko, haziokoi kitu maana zenyewe zinaiva haraka. Wali unaiva vizuri ila akiba yake ndogo. Kifupi kama nyumbani kwako hampiki maharage, nyama ngumu, makande wala kongoro, hiyo hela bora ununue jiko banifu.

Nyingine ni ekstensheni. Niliunga kwenye ile ya bei rahisi ya elfu nne ambayo mtoto alikuwa ameshachomeka pasi, nikasikia harufu, kufika soketi imeyeyuka imekuwa kama bigijii. Toka siku hiyo inachomekwa ukutani peke yake. Umeme ukikatika katikati usifungue, acha hivyo hivyo, joto linabaki linaendelea kupika, ila ukirudi lazima ubonyeze upya maana haikumbuki ilipoishia. Mimi nimeshasubiri nusu saa nzima nikidhani inapika kumbe imekaa tu.

Duka lenyewe silisemi jina. Waliniandikia waranti ya mwaka kwenye risiti, mwezi wa nne ule mpira wa kwenye mfuniko ukaanza kuachia mvuke pembeni, nimerudi naambiwa "dada, mpira hauhusiki na waranti". Na wa kuuza hawana. Ikabidi nimtume mtu anayekuja na treni kutoka Dar, kaniletea miwili kwa elfu kumi. Kabla hujatoa hela uliza kama mpira wa akiba upo, na kama haupo nunua kwa mwingine.

Hesabu yangu: gunia sasa linafika wiki ya sita. Umeme nilikuwa naweka wa 15,000 kwa mwezi, sasa 19,000, kwahiyo nabakiwa na kama elfu 26 kila mwezi na mashine imeshakaribia kujilipa. Ila kama wewe uko kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi, angalia sana usivuke, maana huko kila uniti ya ziada inalipiwa bei ya juu. Na mwanzo wa mwezi ukiona uniti pungufu usiisingizie presha kuka, ni ile 1,500 ya kodi ya jengo wanakata humo humo kwenye luku.

Naipa nne kwa tano. Ile moja nimewanyima watu wa duka kwa ajili ya mpira. Mume sasa hivi ndo anaisimamia, jana kanipigia niko Kibirizi nanunua dagaa, anauliza maharage anabonyeza wapi.