Nyumba ya Iyumbu au chumba na sebule Nkuhungu?

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wamezoea kupimana kwa mtaa. Mimi nimeishi Iyumbu na Nkuhungu, mitaa yote miwili ya hapa Dodoma.

Iyumbu tulikuwa na vyumba vinne, vigae vinavyoteleza, kiyoyozi. Mkopo ulikatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Ikifika tarehe kumi, mimi na mke wangu tunaongea kupitia mtoto: "Mwambie baba yako LUKU imeisha." Sofa kubwa, kila mtu kajibanza upande wake kama abiria wanaosubiri basi stendi.

Nkuhungu ni chumba na sebule. Maji ni ya mgao, madumu tunajaza usiku, na vumbi la kiangazi linaingia hata kwenye chumvi. Hilo silifichi. Lakini jioni mke wangu, Mama Neema, anasonga ugali wa uwele, mlenda unavutika kutoka bakulini hadi kidevuni, na watoto wanacheka mpaka jirani anachungulia kuuliza kuna nini. Ugomvi upo, ila haulali.

Kiyoyozi? Nakikumbuka Novemba, joto linapokaza kabla ya mvua. Basi tunatandika mkeka nje.