Mtego wa nzi wa maembe: mzuri, lakini hunasa madume tu

Mtego huu ni ndoo yenye kidonge cha methili eujenoli, kemikali ya kuvuta nzi. Unafanya kazi vizuri, ila harufu ya kidonge hicho huvuta madume peke yao. Jike wa Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, anaendelea kutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Mabuu wakishiba hujirusha chini na kujizika udongoni. Kwa hiyo ongeza chambo cha protini kwa ajili ya majike, na maembe yaliyooza yafunge kwenye mfuko mweusi, uyaache juani.

Tundika mtego kivulini, mita 1.5 hadi 2 kutoka chini. Waya wa kuutundikia upake grisi. Sisimizi wakipita watabeba nzi wote, nawe utadhani mtego haunasi kitu.