Uzoefu wangu: kuchagua kifaa cha muziki cha kupigia tizi, na kwa nini nimebaki na Walkman isiyo na kioo

Ukiwa mkimbiaji wa barabarani Dar es Salaam, usianze kuulizia sauti ya kifaa. Ulizia jasho kwanza. Ulizia kama kidole kitakipata kitufe bila macho kushuka chini, na kama sikio litaendelea kusikia bodaboda inayokuja nyuma yako. Utamu wa sauti una umuhimu wake, ila kifaa kinachotoa sauti tamu na kufa baada ya masika moja hakina faida kwa mtu wa mazoezi. Mimi nimepitia simu, nikapitia vile vidude vya klipu vya Kariakoo, na sasa natumia Sony Walkman NW-WS413. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotaka kununua, maana swali hili naulizwa kila mara kwenye kikundi chetu cha jogingi.

Nianze na simu, kwa sababu wengi mnajibu, "Simu ninayo, ya nini kuongeza mzigo?" Simu nyingi za siku hizi zina gramu 200 hivi. Ukiifunga juu ya mkono, upande mmoja wa mwili unabeba kitu ambacho upande wa pili haubebi. Kwa mbio fupi huoni tofauti, lakini ukienda mbali bega linaanza kujikaza na mkono hauzunguki tena kama mwenzake. Halafu kioo cha tachi hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa kidole, na jasho lenye chumvi nalo linapitisha umeme. Unagusa ili kuruka wimbo, sauti inapanda. Unafuta kioo kwa fulana, fulana yenyewe imelowa. Katikati ya wimbo uliokuwa umeanza kukupandisha mzuka unaingia ujumbe wa kamati ya harusi. Na alfajiri, barabara ikiwa tupu, vibaka wa pikipiki wanaipenda simu iliyofungwa mkononi kuliko unavyoipenda wewe. Simu yangu siku za tizi inabaki nyumbani, au inakaa kwenye mkanda wa kiunoni ndani ya fulana kwa ajili ya dharura tu.

Vidude vya klipu, vile vyenye ukubwa wa kiberiti, vina jambo moja zuri sana: vina vitufe vya kubonyeza. Unakibana kwenye ukosi wa fulana, kidole gumba kinazoea mahali pa kuruka wimbo, mambo yanaenda. Shida ni waya wa iyafoni. Unapurukushana na mkono kila unapoharakisha, na pale unapoingia kwenye kifaa jasho linajikusanya. Ukichomoa baada ya miezi utaona vile vyuma vimeota kutu ya kijani, na kuanzia hapo upande mmoja wa sikio unakuwa unakuja na kuondoka. Kupitisha waya ndani ya fulana, utokee kwenye ukosi, kunapunguza tatizo ila hakulimalizi.

Jambo la pili ni uchakachuaji, na hili linaniuma. Niliuziwa kidude kilichoandikwa GB 32. Nyimbo za mwanzo zilipiga vizuri. Za mwisho zilionyesha majina tu, ukizifungua ni kimya au mkwaruzo. Ujanja wake unajulikana: chipu ndogo inafanyiwa marekebisho iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake, na ikijaa kweli inaanza kuandika juu ya vitu vya zamani au kupoteza vipya. Muuzaji alikataa katakata kurudisha hela. Mtu anayejibana ili anunue kifaa cha kumsaidia afya yake hastahili kufanyiwa hivyo. Kwa hiyo, kwa yeyote anayenunua kidude kisicho na jina au memori kadi ya bei ya kutupa, dai risiti iliyoandikwa kwamba unaweza kurudisha, kisha siku hiyohiyo kipime nyumbani. Kuna programu ya bure ya Windows inayoitwa H2testw: inajaza kifaa chote, halafu inasoma upya kila ilichoandika na kukuambia ukweli. Inachukua muda mrefu. Iache iendelee ukiwa unafanya mengine.

Kwa wanaotaka klipu ya kampuni inayojulikana, SanDisk walitengeneza Clip Sport Plus yenye GB 16, Bluetooth na kinga ya maji ya IPX5. Kwa mtu wa jimu, anayefanya mazoezi akiwa ndani na hana gari wala pikipiki ya kuogopa, hiyo inatosha kabisa. Na wanaoniulizia iPod shuffle: ilitoka 2005, na ile ya klipu yenye vitufe vya duara ilipendwa na wakimbiaji kwa haki yake. Apple waliacha kuiuza 2017 pamoja na iPod nano. Nyingi unazokutana nazo leo ni za mtumba, na betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini bila kuguswa. Pia haikubali uburute tu faili kutoka kwenye kompyuta, inataka upitie iTunes, programu ya Apple. Sikushauri.

Sasa Walkman yenyewe. Hii NW-WS413 niliagiza kwa binamu yangu anayeishi Muscat, baada ya kuiona kwa mwenzetu mmoja anayeogelea. Haina kioo na haina waya wa kwenda mfukoni. Muziki, betri na vitufe vyote vimo ndani ya vile vipande viwili vya masikioni, vimeunganishwa na utepe unaopita nyuma ya kichwa. Uzito wake ni gramu 32. Sony wanasema betri inakaa saa 12, na ukichaji kwa dakika 3 tu unapata saa 1 ya kusikiliza. Hilo la dakika 3 ndilo lililonifurahisha kupita yote: unaamka, unakuta umesahau kuchaji, unaichomeka wakati unafunga kamba za viatu na kunywa maji, na tayari una muziki wa kutosha kwa mbio za asubuhi.

Iliyonifanya niiamini ni maji ya chumvi. Vipimo vya IP, yaani vya kinga ya maji, mnavyoviona kwenye maboksi huwa vinafanywa kwa maji yasiyo na chumvi. IPX4 maana yake kifaa kinastahimili maji ya kurushiwa, IPX5 ni maji yanayotoka kwa nguvu kwenye mpira, na IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozungumzia chumvi, na jasho letu sisi wa pwani lina chumvi, tena linatoka kwa wingi kwa sababu ya unyevu wa hewa. Hii Walkman imetengenezwa mahsusi kuingia baharini hadi mita 2, na kufanya kazi kwenye joto la hadi nyuzi 45. Ukiona mtengenezaji ametaja maji ya bahari waziwazi, jasho la mkimbiaji halimtishi. Nikirudi nyumbani naisuuza kwa maji ya bomba, naikung'uta, naipangusa kwa kitambaa laini, naiacha ikauke. Usiiweke kwenye chaji ikiwa na unyevu, hata kama una haraka.

Kuna kitufe cha kuruhusu sauti za nje. Ukikiwasha, maikrofoni ndogo zinachukua sauti za barabarani na kuzichanganya na muziki. Kwenye barabara za Mikocheni na Msasani, ambako pikipiki inaweza kukujia kutoka upande wowote, mimi sikizimi kitufe hicho kamwe. Nasikia honi, nasikia konda wa daladala, nasikia hata mtu anayenisalimia na ninamjibu bila kuvua kitu. Kwenye upepo mkali hali ni nyingine, maikrofoni zinakusanya mvumo wa upepo mpaka wimbo unafunikwa. Daraja la Tanzanite, lile la baharini lililofunguliwa 2022, lina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 1, na upepo wake mnaujua. Pale nakizima, kwa sababu napita njia ya waenda kwa miguu na magari yako upande wao. Nikishuka Koko Bichi nakiwasha tena. Vitufe viko kwenye vipande vya masikioni, na baada ya kuvizoea kidole kinakwenda chenyewe.

Vipira vya masikioni vinakuja vya aina mbili, vya kawaida na vya kuogelea, kwa ukubwa tofauti. Vya kuogelea vina utando mwembamba wa kuzuia maji, kwa hiyo sauti inapungua na sauti za nje hazisikiki vizuri. Ukienda barabarani weka vya kawaida. Tafuta saizi yako kwa subira, jaribu hata saizi tofauti kwa kila sikio, kwa sababu kipira kisichokaa sawa kinapoteza besi yote na kinakulazimisha kuongeza sauti.

Upungufu wake nao niuseme wazi. Haina Bluetooth, na nyimbo ulizopakua ndani ya programu kama Boomplay au Spotify hazitoki humo kwenda kwenye kifaa cha namna hii. Lazima uwe na faili zako mwenyewe. Zangu nyingi nimezitoa kwenye CD nilizonunua miaka ile. Chaji inapitia kwenye kitako chake maalum cha USB, na ukikipoteza huwezi kuazima waya wa jirani. GB 4 wengine wanaziona ndogo. Mimi sioni hivyo: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 1 kwa dakika, na hapo unapata zaidi ya saa 50 za muziki. Nani anakimbia saa 50?

Kwa kuwa hakuna kioo, mpangilio wa folda ndio kila kitu. Zangu zinaitwa PASHA, MBIO na POA, na majina ya faili yanaanza na 01, 02, 03 ili zifuatane ninavyotaka. Hapa niwaombe mtulie kidogo, kwa sababu watu wanatumia fedha nyingi kwenye kifaa halafu wanatupia humo nyimbo zozote. Sisi tuliokimbia mchakamchaka shuleni tunajua wimbo unavyobeba miguu. Kiongozi anaanzisha, wengine wanaitikia, na kisigino kinatua kwenye pigo bila mtu kuhesabu. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika. Wimbo wenye mapigo 85 unakupa hatua mbili kwa kila pigo, yaani 170, na mwili unaupokea bila kulazimishwa. Kuyajua mapigo ya wimbo ni rahisi: hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4.

Singeli naipenda, ni muziki wa nyumbani, lakini inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Ukiianza nayo kwenye mbio ndefu utajikuta umeishiwa pumzi mapema, miguu inafukuzana na kitu isichoweza kukifikia. Mimi naiweka mwishoni mwa MBIO, kwa zile mbio fupi za nguvu, dakika moja kali, dakika mbili za kupoa. Taarabu ya taratibu ipo kwenye POA, wakati wa kunyoosha misuli. Profesa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza muziki na mazoezi, ameandika kwamba kwa mazoezi mengi, si mbio pekee, mapigo kati ya 120 na 140 ndiyo yanayofaa. Na Haile Gebrselassie wa Ethiopia, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani huko Birmingham mwaka 1998, alikimbia akifuata mapigo ya wimbo uliokuwa ukipigwa uwanjani. Bingwa wa kiwango kile alichagua wimbo kwa kuangalia kasi aliyoitaka. Sisi nasi tuchague hivyo.

Sauti msiipandishe. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama, na ukifika desibeli 90 muda unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Mtu anayejiandaa kwa nusu marathoni anazimaliza saa 4 kirahisi. Kipimo changu ni hiki: mwenzangu akiwa pembeni yangu akinisemesha kwa sauti ya kawaida nami simsikii, nashusha.

Kwenye mashindano soma masharti ya waandaaji mapema. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, haziruhusu wanariadha kutumia vifaa vya muziki ndani ya eneo la mashindano, ingawa katika mbio za watu wengi waandaaji mara nyingi huwaachia wakimbiaji wa kawaida. Kilimanjaro Marathon ya Moshi mimi sivai kitu masikioni, kwa sababu watu wa kando ya barabara wanashangilia na ningependa kuwasikia.

Kama unaogelea tu, angalia pia Shokz OpenSwim. Hiyo inapitisha sauti kwenye mifupa ya mbele ya sikio, sikio lenyewe linabaki wazi, na nyimbo zimo ndani yake. Ya Bluetooth pekee usiipeleke majini hata kama haiingii maji, maana mawimbi ya Bluetooth hayapenyi maji vizuri, na simu uliyoiacha ufukweni itapoteza mawasiliano nayo mara kichwa kinapozama.

Na yoyote utakayoichagua, kabla ya kulipa ivae pale pale dukani. Ruka mara kadhaa, tikisa kichwa, inama kama unayefunga kamba. Lowesha vidole kwa maji kidogo, fumba macho, kisha jaribu kusimamisha wimbo, kuruka mbele na kushusha sauti. Muuzaji akikukatalia hilo, Mtaa wa Aggrey una maduka mengi, vuka uende la pili.