Firebase au GameAnalytics kwa gemu ndogo ya simu?

Kila wanaotengeneza gemu tukikutana hapa Mwanga, Kigoma, swali hili halikosi. Zote ni huduma za kukusanya takwimu za wanachofanya wachezaji ndani ya gemu, nami nimezitumia zote mbili kwenye gemu yangu ya kuvua dagaa usiku kwa karabai.

Kwa gharama hakuna ugomvi: zote unaanza bure. Mtandao ukikata mchezaji akiwa ziwani, zote huhifadhi matukio (kumbukumbu za alichofanya kwenye gemu) kwenye simu na kuyatuma baadaye.

Tofauti ni maswali unayouliza. GameAnalytics imetengenezwa kwa ajili ya gemu. Kwenye kila hatua inajua mambo matatu: kaanza, kamaliza, kashindwa. Hapo ndipo nilipogundua hatua ya nne, ile ya upepo, inawafukuza watu. Wanazama mara mbili, tatu, halafu kimya. Kumbe mawimbi niliyazidisha! Firebase ingenipa habari hiyo pia, ila ripoti yake ningehangaika kuipanga mwenyewe.

Firebase inashinda kwenye matengenezo. Ina Crashlytics, inayokuonyesha mstari wa msimbo ulioangusha gemu, na arifa kwa wachezaji unatuma humohumo. Ila matukio hupakiwa kwa mafungu, kama kila saa moja. Ukiwa unajaribu, washa DebugView, inayokuonyesha matukio papo hapo, la sivyo utadhani umekosea.

Uko peke yako na hujui wachezaji wanakwama wapi? GameAnalytics. Gemu inaanguka kwenye simu za bei chee, au tayari unatumia Firebase kwa akaunti? Baki nayo. Kubeba zote mbili kunainenepesha APK (faili la kusakinisha gemu), na bando la kuipakua analipa mchezaji.